Kubeba Silaha ya Siri

Kujilinda ni haki ya kila kiumbe. Kuku huwalinda vifaranga wake kwa mdomo na makucha, nyuki huulinda mzinga kwa mwiba, na mtu huilinda nafsi yake kwa akili, kwa mikono na kwa chombo chochote akipatacho. Kwa hiyo, msomaji, sikusudii katika insha hii kuuliza kama mtu ana haki ya kujilinda. Swali langu ni dogo kuliko hilo, na kwa udogo wake ni gumu zaidi: Je, yafaa mtu mwema abebe bastola ndogo, iliyofichwa machoni pa watu, kila siku ya maisha yake, kwa sababu huenda siku moja akaihitaji?

Swali hili sikulizua mwenyewe. Nililetewa na kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana duka lake katika bonde la Mathare, mjini Nairobi. Wasiolijua bonde hilo na walifahamu hivi: liko kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika, mto umepita chini yake, na sehemu zake nyingine zilikuwa machimbo ya mawe, ndiyo maana kijiji kimoja huko chaitwa Mashimoni. Nyumba nyingi ni za mabati, chumba kimoja kimoja, futi 10 kwa 10 au pungufu, na ukuta wa mmoja ndio ukuta wa jirani yake. Kijana huyu huuza unga, sukari na sabuni, na huwatumia na kuwapokelea watu fedha kwa simu. Katika mwaka mmoja aliporwa mara mbili, na mara ya pili mtutu wa bastola uliwekwa shingoni mwake huku akihesabu fedha za watu kwa mikono inayotetemeka.

Jumapili moja alinijia. Alikuwa amekwisha fikiri kwa muda mrefu. Alizijua aina za bastola ndogo: ile ya gurudumu, ichukuayo risasi tano au sita, na ile bapa ya kujipakia yenyewe, iwekayo risasi ndani ya mpini. Alijua ipi hujificha chini ya shati na ipi hutokeza. Vijana wa Nairobi wameipa bastola jina la mguu wa kuku, kwa mfano wa umbo lake, naye aliutaja mguu huo wa kuku kana kwamba ni kitu cha sokoni. Alikuwa tayari kuweka akiba na kufuata sheria. Alichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja tu: nimsaidie kuandika barua ya maombi. Sheria ya Silaha ya Kenya, ambayo ni Sura ya 114 na ilianza kutumika mwaka 1954, haimpi mtu kibali cha bunduki kwa kutaka kwake. Lazima aonyeshe sababu njema, na wenye kutoa kibali waridhike ya kuwa hana wazimu wala ulevi, na kwamba kuwa kwake na silaha hakutahatarisha amani ya watu. “Mwalimu,” aliniambia, “sababu ninayo, lakini maneno sina. Wewe una maneno.”

Nilichukua kalamu, nikashindwa kuandika. Nilitambua ya kuwa siwezi kumwandikia mwenzangu sababu ambayo mimi mwenyewe sijaipima.

Kwanza yapasa tuzitendee haki hoja zake, maana zilikuwa na nguvu. Alisema mwizi anayo bastola, wala hakuomba kibali kwa mtu. Alisema askari hufika baada ya mwizi kuondoka. Alisema matajiri wa mji huu hukaa nyuma ya kuta ndefu, wakalindwa na walinzi wa kulipwa, na baadhi yao wana silaha za halali mifukoni mwao. Je, nafsi ya muuza unga ni rahisi kuliko nafsi ya tajiri? Tena alikumbusha machafuko ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, alipokuwa mtoto, ambapo usiku mzima watu wa Mathare walikesha milangoni na marungu wasijue nani atakuja. Mtu aliyelala usiku kama huo hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ya kipumbavu. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwuliza maswali matatu, nikamwomba ayajibu baada ya juma moja. Maswali hayo nayaweka mbele yako pia, msomaji.

Swali la kwanza lilikuwa hili: Risasi ikimkosa mwizi, itakwenda wapi?

Watu wengi hudhani ya kuwa bastola ndogo ni hatari ndogo. Udogo huo ni wa kuifichia, si wa kuumiza. Tena una gharama yake. Bastola ya kufichwa mfukoni huwa na mtutu mfupi, aghalabu sentimita saba au nane, na vilengeo vyake vimekaribiana. Kwa hiyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa la risasi. Mkono ukipotoka digrii moja tu, risasi hupotoka sentimita 17 ifikapo umbali wa mita 10. Na kwa kuwa chombo ni chepesi, hakiwezi kuumeza mshtuko wa baruti kama kifanyavyo chombo kizito. Humrudishia mwenyewe mkononi, na risasi ya pili hupotoka kuliko ya kwanza. Basi kadiri bastola inavyokuwa rahisi kuificha, ndivyo inavyokuwa ngumu kuilenga. Achaguaye iliyo ndogo kabisa amechagua siri, akaacha uhakika. Mtu aliyezoezwa miaka mingi huweza kupunguza upungufu huo, lakini hata yeye hutetemeka mtu atakapo kumwua.

Sasa iweke risasi hiyo Mathare. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 300 kwa sekunde moja. Mabati ya nyumba hayafiki nusu ya milimita kwa unene. Katika nyumba ya mawe huenda ukuta ukaizuia. Katika nyumba za bati hupita chumba cha kwanza, ikaingia cha pili, na haibishi hodi. Nyuma ya duka la kijana huyu anakaa mama mmoja mshonaji pamoja na watoto wake watatu. Yeye hakuombwa kauli katika shauri hili, wala jina lake halikutajwa katika barua ya maombi. Hapa ndipo niliposhikwa na mashaka yangu ya kwanza. Mtu aweza kuihatarisha nafsi yake kwa hiari yake. Lakini ni kwa hiari ya nani aihatarisha nafsi ya jirani? Wazee walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Jirani aliye karibu kiasi cha unene wa bati ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza.

Swali la pili lilikuwa: Siri hii itamsaidia nani?

Silaha si kitu kigeni kwetu. Wazee wa pwani walivaa jambia kiunoni, Mmasai hutembea na sime na mkuki, na hapana aliyewaona akadanganyika. Silaha ya wazi husema. Humwambia adui: nimejiandaa, pita mbali. Aghalabu hulinda bila kutumika. Silaha ya siri haisemi neno. Mwizi asiyejua kwamba unayo haimzuii kuja. Na akija kushuku kwamba kila muuza duka huenda anayo, hataacha wizi, bali atajifunza kupiga kwanza na kuuliza baadaye.

Tazama basi silaha ya siri imemfaa nani katika historia. Tarehe 14 Aprili 1865 Rais Abraham Lincoln wa Marekani alipigwa risasi akiwa katika jumba la michezo, kwa bastola ndogo iliyoenea kiganjani, yenye risasi moja tu. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimwua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe kwa bastola ya mfukoni isiyotimia kilo moja kwa uzito. Katika majuma machache yaliyofuata Ulaya ikaingia vitani, na vita vikafika kwetu. Wanaume wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kwa maelfu mengi kubeba mizigo ya majeshi, na maelfu mengi hawakurudi kwao. Kariokor ya Nairobi, isiyokuwa mbali na Mathare, na Kariakoo ya Dar es Salaam, zimepata majina yao kwa wapagazi hao. Tena, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Waziri Tom Mboya aliuawa mchana kweupe kwa bastola, alipotoka katika duka la dawa katikati ya mji wa Nairobi.

Sisemi ya kuwa kijana muuza unga ni sawa na wauaji hao. Nasema jambo jingine: faida ya bastola iliyofichwa ni kushtukiza, na mwenye kushtukiza ni yule anayeanza. Anayejilinda huwa ndiye aliyekwisha shtukizwa. Mwizi ameuchagua mchana au usiku, ameuchagua mlango, ametoa silaha yake tayari. Wewe ndipo utie mkono chini ya shati. Siri ni rafiki wa mshambuliaji, na kwa mlinzi huja kwa kuchelewa.

Siri ina hatari nyingine, ambayo watu wa Mathare waijua kuliko mimi. Silaha moja haisomwi namna moja katika kila mkono. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952, walowezi wengi wa Kenya walivaa bastola viunoni, wanaume kwa wanawake, wakala nazo mezani. Waafrika katika miaka ile waliweza kunyongwa kwa kukutwa na bunduki, au hata na risasi tu, bila kibali. Wapiganaji wa msituni walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira, na kila aliyekutwa nayo alijua ameibeba hukumu yake. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola na risasi bila kibali, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Shtaka lililomfikisha kitanzini halikuwa la kuua mtu. Lilikuwa la kukutwa na bastola. Katika miaka hiyo hiyo nyumba za bonde la Mathare zilibomolewa na wakazi wake kuondolewa, nao wakarudi na kujenga upya baadaye.

Sheria ile ya miaka ya 1950 imekwisha, lakini jicho lililoisoma halijafumba lote. Mwaka 2017 kituo cha wakazi wenyewe cha kutetea haki, Mathare Social Justice Centre, kilitoa taarifa juu ya watu waliouawa kwa risasi za polisi bila kufikishwa mahakamani, wengi wao vijana. Basi mfikirie kijana wetu saa tatu ya usiku, katika njia nyembamba isiyo na taa, akiwa na bastola ya halali chini ya shati. Kibali chake kimo mfukoni. Anaulizwa asimame, naye apeleka mkono kiunoni ili atoe kibali. Ni nani atakayengoja kukiona? Kibali ni karatasi, na karatasi haisomeki gizani. Hata mchana vibali vyenyewe vimepata kutiliwa shaka: mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Chombo alichokitaka kimwokoe na mwizi chaweza kumfanya afanane na mwizi.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: Utakuwa nani katika siku ambazo hatari haipo?

Msomaji, neno kubwa katika habari hii ni “kila siku”. Achaguaye bastola ya kubeba kila siku huiwazia dakika moja, dakika ya mwizi mlangoni. Lakini hatabeba bastola dakika moja. Miaka 20 ina siku zaidi ya 7,300. Katika siku hizo huenda mwizi akaja mara moja, au mara mbili, au asije kabisa. Siku zilizobaki zitakuwa za nini? Zitakuwa za maisha kama tuyajuavyo: matatu iliyojaa, mteja mkorofi, mdeni asiyelipa, ugomvi wa maji bombani, tusi la mlevi, wivu wa mapenzi, msiba wa ghafula, usiku wa kukata tamaa. Katika kila moja ya siku hizo bastola itakuwapo, iko tayari, karibu na mkono. Hasira hasara, walisema wazee. Na hasara ya mtu asiye na kitu mkononi ni jino au jicho, lakini hasara ya mwenye bastola ni uhai. Ngumi hujutiwa kesho ikaombewa radhi. Risasi haina kesho.

Na usiku chombo hiki kitalala wapi? Katika nyumba ya vyumba sita mtu aweza kuwa na sanduku la chuma ndani ya chumba kilichofungwa. Katika chumba kimoja, chenye kitanda, jiko na watoto, hapana mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto ila mwilini mwa baba yake. Na baba hulala.

Sisahau ya kuwa mataifa hayakubaliani katika jambo hili. Mwezi wa Juni mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba katiba ya nchi hiyo humpa raia haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuweka haki kama hiyo. Imeilinda haki ya kuishi, na silaha ikaachwa kuwa jambo la kibali. Kila nchi na njia yake. Lakini sheria husema mtu aweza kufanya nini, wala haisemi yafaa afanye nini. Hilo la pili hujibiwa na dhamiri, na dhamiri haina leseni.

Utaniuliza: Je, kama mwizi hakuja kwa mali, bali kwa roho? Sina jibu la kukwepa. Mtu anayeuawa ana haki ya kujiokoa kwa kitu chochote kilicho karibu, hata bastola, na sheria yetu pia yakubali kujilinda kwa nguvu inayopasa. Simlaumu aliyefanya hivyo. Lakini dakika ile si hoja ya kutosha kwa siku zile 7,300, wala si hoja ya kutosha mbele ya mama mshonaji aliye nyuma ya bati. Twapima hatari moja juu ya hatari nyingine. Katika mahali palipobanana namna hii, naona bastola ya siri huongeza hatari nyingi kwa watu wengi ili kupunguza hatari moja ya mtu mmoja, na huenda isiipunguze.

Juma lilipokwisha kijana alirudi. Alikuwa amejibu swali la pili na la tatu kwa namna yake, lakini la kwanza lilimshinda. “Nimeutazama ukuta ule kila siku,” alisema, “na kila ninapolenga kwa kidole, yupo mtu.” Barua haikuandikwa. Akiba yake aliinunulia dirisha la nondo na sanduku la chuma lililofungwa sakafuni. Alianza kufunga mapema, kupunguza fedha zilizomo dukani, na kupatana na majirani zake kila mmoja awe na filimbi.

Ningependa kuimalizia hapa hadithi yake, kwa kuwa ingenisifu mimi. Haikuishia hapo. Baada ya miezi minane aliporwa mara ya tatu, jioni, kabla hajafunga, na watu wawili. Walichukua shilingi 23,000. Filimbi ilipulizwa walipokwisha kimbia. Alinijia na uso wa hasira, akaniambia shauri langu limemgharimu fedha ambazo atazilipa kwa mwaka mzima. Sikuweza kukana. Lilimgharimu kweli, na mimi aliyempa shauri sikulipa hata senti.

Alipokwisha kusema hasira yake alinyamaza kitambo, kisha akanisimulia jambo ambalo sikulitazamia. Mmoja wa wezi alikuwa amesimama akiupa mgongo ukuta wa nyuma. Kijana aliinua mikono, akamtazama kifuani, akawaza kwamba kama angekuwa na mguu wa kuku wake angempiga pale pale. “Na wakati ule ule, Mwalimu,” alisema, “nyuma yake nikasikia cherehani. Yule mama alikuwa anashona. Hakujua kitu.”

Msomaji kijana, huenda siku moja nawe utasimama mbele ya uamuzi kama huu, na hofu yako itakuwa ya haki, na hapana atakayekuwa na haki ya kukucheka. Sikuahidi ya kuwa mtu asiyebeba silaha atakuwa salama. Kijana huyu hakuwa salama. Nakuomba tu ujue unachagua nini. Mali iliyopotea huhesabika, na kinachohesabika chaweza kulipwa, japo kwa jasho na kwa muda mrefu. Kabla hujauliza bastola ipi ni ndogo na yafichika vizuri, sikiliza kwanza nyuma ya ukuta wako kuna nani.